CT ya mama ilitoka safi, MRI ndiyo ikaonyesha kiharusi

Ndugu uliyeuliza kama mzee wako kupelekwa MRI (picha ya sumaku) baada ya CT (picha ya kichwa ya mionzi) kutoka safi ni njia ya kula hela ya mgonjwa, nakujibu kwa yaliyompata mama yangu.

Mama anaishi Kibaigwa. Aliamka alfajiri kizunguzungu kimemshika, anatapika, akisimama anayumbia kushoto. Mdomo haukupinda na mkono ulikuwa na nguvu, basi majirani wakasema ni presha, wengine malaria. Tulipomfikisha Dodoma mjini jua lilikuwa utosini. CT ikapigwa kwa dakika chache, jibu likaja: hakuna damu iliyovuja. Nikamshukuru Mungu, nikaanza kufunga mizigo turudi.

Daktari akaniketisha. Akasema CT imejibu swali moja, kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Mshipa ukiziba, nacho ni kiharusi, saa za mwanzo CT mara nyingi haioni kitu, na kisogoni ni shida zaidi kwa kuwa mifupa minene ya pale inachafua picha. MRI haitumii mionzi, inatumia sumaku kusoma maji ya mwilini. Seli za ubongo zikikosa damu huvimba na maji hukwama, na ipo picha yake maalumu ambayo huonyesha mkwamo huo kama doa jeupe mapema sana.

Wakamvua hereni, wakauliza kama ana betri ya moyo au chuma mwilini. Akakaa ndani karibu nusu saa. Mwambie mzee wako mapema kuwa mashine inagonga kwa kelele kubwa. Mama hakuambiwa, alitoka analia. Doa lilikuwepo, kwenye ubongo mdogo wa nyuma, kushoto. Hapo ndipo akalazwa, akaanzishiwa aspirini, wakamwangalia usiku kucha wakihofia uvimbe.

Lakini usikae kusubiri MRI kama mdomo umepinda au mkono umelegea. Kimbiza mgonjwa, CT ianze. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu, zikihesabiwa tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Kwa aliyeamka na kiharusi kama mama, MRI yaweza kusaidia kukisia kilianza lini. Daktari aliponiuliza mama alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi, sikujua; dada ndiye aliyekumbuka kuwa waliagana saa 3 usiku. Wewe iandike, hata kiganjani, kabla hamjapanda gari.