Msiupeleke mchango kituoni: bondi ya polisi hailipiwi

Usimpe pesa hizo. Nimesoma maelezo yako yote: kijana wa jirani yenu hapo Bombo, Uganda, anashikiliwa kituoni tangu Jumatatu kwa tuhuma za wizi wa pikipiki, vijana wa steji ya bodaboda na waumini wa msikiti wamechangishana ili atoke, na msaidizi wa mwanasiasa mmoja ameahidi kuongeza chake juu ya mchango huo na kuupeleka mwenyewe kwa "wakubwa" ili mambo yaishe kimyakimya. Umeuliza pia kama zaka inaweza kutumika, nani ashike daftari la michango, na kitakachobaki kifanyiwe nini. Hayo yatasubiri; leo nazungumzia huyo msaidizi, kwa sababu hapo ndipo mtakapoumia.

Bondi ya polisi ni bure. Maneno hayo yamebandikwa kwenye kuta za vituo vyetu vingi, wakati mwingine juu ya meza ileile ambapo mtu anaambiwa atoe pesa ya mafuta au pesa ya karatasi. Anayetoka kwa bondi hutoka kwa kusaini ahadi ya kurudi, akiwa na mdhamini anayejulikana, na sheria haidai shilingi. Fedha huja baadaye, tena si lazima, pale hakimu anapotoa dhamana na kuamua iwe ya taslimu: hapo unapewa hati ya malipo mahakamani, unalipa benki, unapata risiti, na kesi ikimalizika huku mshtakiwa amehudhuria kila alipoitwa, fedha hizo hurudishwa. Wadhamini kwa kawaida hawatoi kitu siku hiyo. Wanajifunga kwa kiwango kilichotajwa, ambacho watadaiwa iwapo mtu wao atatoroka. Kwa hiyo mchango wenu una mahali pake halali, napo ni mahakamani, si kituoni wala mfukoni mwa msaidizi wa mtu yeyote.

Naandika kwa uchungu kwa sababu familia yetu ilipita njia hiyohiyo. Mtoto wa dada yangu alikamatwa kwa tuhuma zinazofanana na hizo, na mimi ndiye niliyekabidhiwa mchango. Akaja mtu aliyejulikana kuwa karibu na mwanasiasa wa kwetu, mtu wa maneno matamu, akakaa sebuleni kwa dada yangu, akanywa chai, akatuambia kwamba mkono mtupu haulambwi na kwamba yeye anajua pa kugusa. Nilimhesabia noti mezani, nyingine zikiwa bado zimekunjwa vidogovidogo kama wanawake wa sokoni walivyozifungua kutoka kwenye pindo za leso zao, naye akazitia kwenye bahasha bila kuandika hata mstari mmoja. Aliapa kwamba kijana angelala nyumbani usiku huo. Hakulala.

Kijana alipelekwa mahakamani, akasomewa shtaka, akarudishwa rumande, na tangu siku hiyo kila tulipompigia simu yule bwana alituambia tusubiri, faili linashughulikiwa, na tusimkasirishe mkubwa kwa kutafuta wakili. Tukasubiri, na kusubiri huko kulitugharimu kuliko fedha zenyewe. Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1995, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, inaeleza kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa kosa linaloweza kusikilizwa na Mahakama Kuu na pia na mahakama za chini, akikaa rumande siku 60 kabla kesi yake haijaanza kusikilizwa, mahakama itamwachia kwa dhamana kwa masharti itakayoyaona yanafaa. Kwa makosa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu pekee, kama vile mauaji, ni siku 180 kabla kesi haijapelekwa Mahakama Kuu. Siku zile 60 zilitimia na kupita, na hakuna mmoja wetu aliyesimama mbele ya hakimu kuzitaja. Mwendesha mashtaka hakuwa na haraka, hakimu alikuwa na mafaili mengine, na sisi tulikaa na simu mkononi tukimngoja mtu asiye na nafasi yoyote katika kesi ile. Tulipompata hatimaye wakili wa msaada wa kisheria, jambo la kwanza alilouliza ni namba ya kesi, na katika ukoo mzima hakuna aliyekuwa nayo. Ilipopatikana, dhamana ilitolewa, na kiwango alichotaja hakimu kilikuwa kidogo kuliko zile fedha tulizotia kwenye bahasha. Dada yangu aliuza cherehani yake ili kukilipa.

Usifikiri tungeweza kumshtaki yule bwana kwa urahisi. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 inamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Watu wa aina yake hukufanya mshirika kwanza, kisha ukimya wako unakuwa ngao yao. Alichukua sadaka ya watu wasio na ziada, akaigeuza kuwa hongo, na aibu akatuachia sisi. Sina hakika kama hata shilingi moja ilimfikia polisi yeyote, na kwa kweli sijali, kwa maana kama ilifika ni uhalifu na kama haikufika ni wizi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba sikukuu iliyofuata mwanasiasa huyo alikwenda gerezani na sukari na sabuni, akapigwa picha, na watu wetu wakamshukuru kwa moyo wake wa huruma.

Sukari na sabuni si vitu vibaya, na mahabusu wanavihitaji sana. Magereza ya Uganda yana watu zaidi ya mara tatu ya idadi yaliyojengewa, na karibu nusu yao ni mahabusu, watu ambao hakuna mahakama iliyokwisha kuwatia hatiani. Lakini mtu aliyechaguliwa kukaa bungeni ana njia ambazo mimi na wewe hatuna: anaweza kumbana waziri kuhusu mahabusu wanaosahaulika, anaweza kupigania bajeti ya Mahakama ili wilaya zipate mahakimu wa kutosha. Akiacha hayo na kugawa sukari, anatulipa kwa zawadi deni ambalo alipaswa kutulipa kwa kazi. Sheria yenyewe ililiona hilo, ndiyo maana Sheria ya Uchaguzi wa Bunge inamkataza mgombea kufanya harambee au kutoa misaada wakati wa kampeni, na mahakama zetu zimewahi kubatilisha ushindi wa wabunge kwa sababu ya hongo kwa wapiga kura.

Kumbuka pia yaliyotokea mwaka 2012, pale Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alipobaini kwamba fedha za wahisani zilizokusudiwa kuijenga upya Kaskazini mwa Uganda baada ya vita zilikuwa zimechotwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Ireland ilidai yuro milioni 4 zake na ikarudishiwa, kwa sababu kulikuwa na akaunti, hati na mtu wa kuzifuata hadi mwisho. Mwaka 2023 yakaja mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya watu wa Karamoja, ambayo mengine yalionekana kwa viongozi, na mwezi Aprili Waziri wa Karamoja, Mary Goretti Kitutu, akafikishwa mahakamani na kupelekwa rumande katika gereza la Luzira. Na yeye, mbele ya tuhuma zile, aliomba dhamana mahakamani kupitia mawakili wake, kama ilivyo haki yake. Kijana wa jirani yenu ana haki ileile chini ya ibara ileile, hata kama hana wakili wa kukodi.

Kanuni yangu ni moja, nami ninairudia kwa kila anayeniuliza: namba ya kesi kwanza, pesa baadaye. Asiyeweza kukuonyesha namba ya faili na risiti itakayobeba namba hiyo, asishike mchango wa watu, hata awe sheikh, hata awe mbunge, hata awe ndugu wa damu.

Umesema amekamatwa Jumatatu, na leo ni Alhamisi. Ibara hiyohiyo ya 23 inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 kama hajaachiwa, kwa hiyo muda wao umekwisha. Kesho asubuhi mama yake aende kituoni pamoja na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na mtu mmoja anayeweza kuwa mdhamini, wote wakiwa na vitambulisho vya taifa na barua ya mwenyekiti. Waulize kwa adabu mambo matatu na wayaandike palepale: namba ya faili yenye herufi CRB (daftari la polisi la kuandikia kesi), kosa analotuhumiwa, na jina la afisa anayepeleleza. Waombe bondi. Wakinyimwa, waulize ni siku gani atapelekwa mahakamani, na wataje kwa upole kwamba Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 inaweza kumfanya afisa awajibike yeye binafsi. Chama cha Mawakili cha Uganda kina mradi wa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo, nao wataanza kwa kuuliza hizo karatasi.

Msimamishe msaidizi huyo leo hii kabla hajapita kuchukua bahasha. Mkishapata namba na jina la kosa, viandike hapa bila kutaja jina la kijana, nami nitakueleza kama hakimu wa hapo ana mamlaka ya kutoa dhamana au itabidi maombi yapelekwe Mahakama Kuu.