Jibu: Kung'oa vipuri vya Dell OptiPlex na kuviuza
Ndugu, umeuliza kama ung'oe vipuri vya kompyuta yako ya mezani, Dell OptiPlex, uviuze kimoja kimoja. RAM (kumbukumbu ya muda), SSD (diski inayohifadhi mafaili) na prosesa (chipu inayofanya hesabu zote) ng'oa bila wasiwasi. Hizo zinaingia kwenye mashine nyingi za kizazi kimoja na yako, na kule Luthuli Avenue, Nairobi, wateja wapo. Kazi iko kwenye pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta) na madabodi (bodi kuu inayobeba vipuri vyote). Plagi zake ni za Dell wenyewe, kwa hiyo anayejiundia kompyuta hana pa kuzichomeka. Ziache ndani ya kasha, umuuzie mtu ambaye OptiPlex yake kama hiyo imeungua. Na tafadhali sana, SSD ifute yote kabla haijatoka mkononi mwako; kutupa mafaili kwenye pipa la taka la kompyuta hakutoshi. Prosesa ipige picha upande wa chini, vidoti vyote vionekane safi. Mnunuzi ajaribu kwanza, ndipo atume M-Pesa.