Kuhusu hilo neno la mjukuu wangu

Mwanangu Zawadi,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza "bladifuli" ni neno la wapi, maana mtoto karudi nalo shuleni na wewe hujui umchape au ucheke. La kuchapa tuliweke kando kwanza.

Ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyofika kwetu yameshikana mikono. Bladi ni ile ya damu, na kwao lilikuwa neno zito kweli. Mwaka 1914 lilipotamkwa jukwaani London, katika mchezo wa Bernard Shaw, ikawa gumzo la mji. Lakini utamu uko kwenye fuli, yaani mpumbavu. Wafaransa walilitoa kwa Warumi, Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa kama karne ya 13 hivi. Na Warumi waliposema follis walikuwa wanataja mvukuto. Mvukuto, Zawadi! Kama ule wa babu yako wa ngozi ya mbuzi, wa kupulizia moto wa uhunzi. Yaani mpumbavu ni mfuko uliojaa upepo.

Nimekuwa nikisema siku zote, neno halina mwenyewe. Mwaka 1968 nilikuwa karani kwenye shamba la mkonge kule Tanga. Fungu moja ni majani 30. Nyapara akaokota fungu, akadai lina 29, akanibwatukia mbele ya wakataji wote: "Bladifuli!" Mtu mweusi kama mimi, na nadhani Kiingereza chake chote kiliishia hapo. Nililihesabu mara mbili lile fungu. Yalikuwa 30.

Bahati mbaya babu yako alikuwepo, kaleta visu alivyovinoa. Akaniuliza taratibu, "Kakuitaje?"

"Kanisifu, baba. Wazungu ndivyo wanavyowaita makarani wao hodari."

Akatikisa kichwa, akaridhika. Jioni nafika nyumbani, wazee wote wa pale kwenye kiwanda chake cha uhunzi wananyanyuka: "Karibu, bladifuli wetu!" Mama yako, tulikuwa hata hatujaoana, alicheka mpaka akamwaga maji ya kisimani. Na mzee hakuliacha. Kila nikimletea sukari, "Ahsante, bladifuli wangu," mpaka anaingia kaburini.

Nilifanya vibaya kumdanganya? Wakati mwingine naona ndiyo, mtu mzima yule, nilimgeuza kichekesho bila yeye kujua. Halafu nakumbuka uso wake siku ile. Neno halina mwenyewe, nasema tena. Ila kama kweli halina, mbona lile la nyapara bado linanichoma, na la mzee nalitamani?

Basi. Kuchapa au kutochapa ni shauri lako, mtoto ni wako. Mimi nisingemchapa, lakini sijasema kitu.

Ila hukuniandikia jambo moja: kamwita mtu, au kaitwa yeye?

Baba yako