Maswali na majibu: Jumla 2-2, mbona kombe likabaki Algiers?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Hapa kijiweni kwetu Tanga ubishi wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2022/23 haujaisha mpaka leo. Yanga tulifungwa 2-1 na USM Alger ya Algeria kwa Mkapa, uwanja wa Dar es Salaam, tukaenda Algiers tukamfunga 1-0 kwake. Jumla 2-2. Kwa nini hatukuongezewa dakika 30, au basi tupige matuta, yaani penalti? Mwenzangu mmoja anasema bao la ugenini linahesabiwa mara mbili. Kama ni kweli, mbona la kwetu halikutusaidia? Na kwenye makundi tulilingana pointi na Monastir ya Tunisia, iliamuliwaje nani awe wa kwanza?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na huyo mwenzako wa mara mbili, maana ubishi mwingi unazaliwa hapo.

Hakuna bao linalohesabiwa mara mbili. Bao ni moja, lifungwe kwa Mkapa au lifungwe Algiers. Mechi mbili zikiisha, mabao yote yanajumlishwa. Aliyefunga mengi amepita, na hakuna anayeuliza aliyafungia wapi. Jumla ikilingana, hapo ndipo msimamizi anaangalia jambo la pili: kati ya hawa wawili, nani kafunga mengi akiwa mgeni? Hilo nalo likilingana, ni mikwaju ya penalti.

Hesabu ya "mara mbili" mara nyingi inaleta jibu sahihi kwa bahati tu, ndiyo maana haifi. Ipime kwa fainali ya kombe hilohilo mwaka 2025, Simba na RS Berkane ya Morocco. Simba alifungwa 2-0 Morocco, marudiano yakapigwa Amaan, Zanzibar. Yaliisha 1-1, lakini tuchukulie Simba angeshinda 4-1. Jumla ingekuwa 4-3 na Simba angekuwa bingwa, bila mjadala. Sasa mpe Berkane mawili kwa lile bao moja la Amaan: anafikisha manne, wanakuwa 4-4, wanaanza kutafuta wapiga penalti wakati kombe ni la Simba tayari.

Turudi kwenye fainali yenu. Mei 28, 2023, kwa Mkapa, Aymen Mahious aliwatanguliza Waarabu wa USM Alger dakika ya 32. Fiston Mayele akasawazisha dakika ya 82. Dakika ya 84 Islam Merili akafunga la pili. Juni 3 kule Algiers, Djuma Shaban akafunga kwa penalti mapema kipindi cha kwanza, na ikaisha hivyo. USM Alger mabao mawili ugenini, Yanga bao moja ugenini. Bao lenu la kule lilihesabiwa vizuri kabisa, ila mwenzenu alikuwa na mawili.

Mashabiki wengi wanailaumu mechi ya Algiers. Mimi nikiitazama kama mtu wa benchi, nazitazama zile dakika mbili za Dar es Salaam, kati ya 82 na 84. Mechi ile ikiisha 1-1, Yanga akaenda kushinda 1-0 ugenini, ni bingwa kwa jumla ya 2-1. Bila penalti, bila kikokotoo. Ukisawazisha nyumbani dakika ya 82 katika mfumo huu, bao lako limekurudisha kwenye mashindano, lakini bao lijalo la mgeni lina uzito kuliko bao lijalo lako. Ni wakati wa kufunga milango kwanza. Najua ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa kwenye kiti. Uwanja umejaa, watu wamesimama, Mama Samia kaahidi fedha kwa kila bao, na mchezaji gani ataambiwa arudi nyuma akasikia?

Kuna jambo jingine ambalo watu hawakulitambua kabla ya safari. Baada ya kufungwa 2-1 nyumbani, Yanga alihitaji kushinda Algiers, na karibu ushindi wowote ungemfaa. 2-0, bingwa kwa jumla ya 3-2. 2-1, mnalingana 3-3, mabao ya ugenini mawili kwa mawili, mnakwenda kwenye matuta. 3-2, mnalingana 4-4, lakini Yanga ana matatu ugenini dhidi ya mawili, kombe linakuja Jangwani, makao ya Yanga. Ushindi ambao haukutosha ni mmoja tu katika orodha nzima: 1-0. Ndio alioupata.

Mwaka uliofuata, Mei 2024, fainali ya kombe hilohilo ilikuwa na matokeo yaleyale. Zamalek ya Misri alifungwa 2-1 mkondo wa kwanza na Berkane, akashinda 1-0 marudiano. Jumla 2-2, na Zamalek akabeba kombe. Tofauti ni kwamba Zamalek alifungwa 2-1 ugenini, Morocco, akashinda 1-0 nyumbani, Cairo. Bao moja la ugenini kwa sifuri. Ukitaka kumwelewesha mtu kanuni hii bila kuchora jedwali, mpe fainali hizi mbili.

Kuhusu dakika 30, kwenye mechi za nyumbani na ugenini za mashindano haya hakuna muda wa nyongeza. Kanuni inatoka kwenye mabao ya ugenini moja kwa moja hadi kwenye penalti. Watani zenu waliionja msimu huohuo kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa: Simba 1-0 Wydad ya Morocco hapa, Wydad 1-0 kule Casablanca, na filimbi ya dakika 90 ilipolia mpira ukapelekwa kwenye alama ya penalti, Wydad akapita 4-3. Nadhani mnachanganywa na fainali ya 2022, Berkane na Orlando Pirates ya Afrika Kusini mjini Uyo, Nigeria. Ile ilikuwa mechi moja tu, na mabao yote mawili yalipatikana ndani ya muda wa nyongeza kabla ya matuta. Fainali ya mikondo miwili ilirejeshwa 2023, mwaka wenu.

Ulaya waliiondoa kanuni ya bao la ugenini kuanzia msimu wa 2021/22. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba mwenyeji anacheza mechi ya kwanza kwa woga, anaogopa kufungwa kuliko anavyotaka kufunga. Hoja ina ukweli. Kwetu Afrika bado naitetea kidogo, kwa sababu safari, joto na kelele za uwanja vinambana mgeni kuliko mtu anayetoka London kwenda Paris kwa saa moja ya ndege. Anayefunga katika hali hiyo anastahili kitu.

Sasa makundi. Yanga na Monastir walimaliza na pointi 13 kila mmoja. CAF, shirikisho la soka Afrika, hawaanzi na tofauti ya mabao ya kundi zima kama wengi wanavyodhani. Wanaanza na mechi za wawili waliolingana: pointi baina yao, tofauti ya mabao baina yao, mabao ya kufunga, kisha ya ugenini. Monastir alishinda 2-0 Tunisia, Yanga akashinda 2-0 Dar es Salaam. Kila kipimo kililingana, na bao la ugenini hakuna aliyekuwa nalo. Ndipo ikaja hesabu ya kundi zima, ambako Yanga alikuwa amefunga 9 na kufungwa 4, akakaa juu. Zile 3-1 dhidi ya TP Mazembe ya Kongo hapa na 1-0 kule Lubumbashi zilifanya kazi mara ya pili.

Kuongoza kundi kuna faida yake: robo fainali unamalizia nyumbani. Yanga akaanzia Nigeria kwa Rivers United, Mayele akafunga mawili, 2-0. Marudiano kwa Mkapa yalikuwa 0-0, na nimesikia wengi wakisema timu ilicheza kivivu siku ile. Wakumbuke Oktoba 2021. Simba alishinda 2-0 Botswana dhidi ya Jwaneng Galaxy, akatangulia na bao jingine hapa nyumbani, kisha akafungwa 3-1. Jumla 3-3, Galaxy matatu ugenini, Simba mawili, Simba nje ya Ligi ya Mabingwa. Rivers naye angeshinda 3-1 Dar, ingekuwa hesabu ileile na Yanga asingeiona nusu fainali. Nasreddine Nabi, kocha wa Yanga wakati huo, alijua anachokifanya na ile sare.