Nduru Isiposikika: Kwa Wauguzi Wanaoanza Kazi Kliniki za Mpakani

Wiki ya kwanza utakabidhiwa kipimajoto. Utakiweka kwapani mwa mtoto, utasubiri, utasoma, utaandika kitabuni. Ikifika 37.5 utamwita daktari wa zamu. Ikiwa chini ya hapo utamwambia mama arudi kwenye benchi. Nami nilifanya hivyohivyo miaka yangu ya mwanzo, katika kituo nilichoanzia kazi. Mtoto alikuwa wa mwaka mmoja na nusu, miguu imevimba kwa utapiamlo, nywele zimegeuka nyekundu na kunyonyoka. Kipimajoto kilisoma 34.8. Hakuwa akilia. Nikamwona ametulia, nikawatanguliza watoto waliokuwa wakiwaka homa na kupiga kelele. Zamu yake ilipofika ilikuwa saa nane mchana, na nimonia ilikwisha kuyashika mapafu yote mawili. Hakuiona asubuhi.

Namkumbuka kila ninapompokea mwanafunzi mpya. Wengi wenu mnaokuja Malaba, Busia na Mutukula mmesoma kinga ya mwili darasani kwa Kiingereza, mkafaulu mtihani, kisha mnakutana na dreva wa lori anayetaka aelezwe kwa Kiswahili kwa nini anakonda. Mkikwama mnakimbilia ile hadithi ya askari: CD4, aina ya chembe nyeupe za damu, ni askari wa mwili, virusi vya ukimwi ni adui, ARV, dawa za kuvikandamiza, ni silaha. Kwa mgonjwa hadithi hiyo yafaa kuanzia. Kwako wewe muuguzi haitoshi, kwa sababu haikuambii dalili unazoziona ni za nani.

Homa huwashwa na mwili wenyewe. Usaha ni wa mwili. Uvimbe, wekundu, tezi zilizotuna, hata sehemu kubwa ya makohozi: karibu vyote ni kazi ya mwili unaojitetea. Basi mwili uliopungukiwa na nguvu za kujitetea hupungukiwa pia na nguvu za kukuonyesha kwamba umevamiwa. Mtoto yule wa 34.8 hakuwa ametulia. Alikuwa hana tena cha kuwashia homa. Ndiyo sababu mtoto mwenye utapiamlo mkali aliyelazwa huanzishiwa dawa za kuua bakteria hata bila homa, na hupimwa sukari na kufunikwa apate joto kabla ya mengine yote.

Mimi huwaeleza wanafunzi kwa mfano wa kijiji. Ngozi, kamasi za puani na asidi ya tumboni ndio ua. Kijidudu kikipenya, wa kwanza kukikuta ni makrofaji, chembe kubwa zinazoishi humohumo kwenye nyama ya mwili. Zinakimeza, na papo hapo zinapiga nduru. Nduru hiyo ni kemikali ziitwazo sitokini. Ikifika kwenye ubongo, ubongo hupandisha joto, ndiyo homa. Ikifika kwenye mishipa midogo ya damu iliyo jirani, mishipa hutanuka na kuvuja maji, ndio uvimbe na wekundu. Majirani wa kwanza kuitikia ni nyutrofili, chembe nyeupe ambazo uboho wa mifupa huzitoa kwa mabilioni kila siku. Maisha yao ni mafupi. Hufika, hupigana, hufia palepale, na maiti zao ndizo tunazozikamua tukisema jipu limeiva.

Hayo yote huchukua saa chache, na hayachagui: mwizi yeyote atapigwa namna ileile. Kazi ya pili huchukua siku kadhaa, nayo huchagua. Chembe za dendriti hubeba kipande cha kijidudu hadi kwenye tezi iliyo karibu, kama mtu anayepeleka ushahidi kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji huku Uganda. Kidonda cha mguu huleta mtoki kwenye kinena kwa sababu hiyo: baraza limekaa. Na mwenyekiti mwenyewe ni chembe ya CD4. Kila aliyeishi Uganda anajua barua isiyo na muhuri wa LC1 haifiki mbali. Chembe B zinaweza kumtambua adui, lakini kwa vijidudu vingi hazitengenezi kingamwili (protini za kumnasa adui) zilizo bora, za kudumu, mpaka CD4 igonge muhuri. Chembe za CD8, ambazo huua seli zilizoingiliwa na virusi, huhitaji msaada wake zisichoke mapema. Hata makrofaji iliyommeza mdudu wa kifua kikuu hushindwa kummaliza bila ishara ya CD4. Hubaki naye ndani, hai. Vita vikiisha, baadhi ya chembe hubaki miaka mingi zikiikumbuka sura ya adui. Chanjo hujenga kumbukumbu hiyo bila mtoto kuupitia ugonjwa wenyewe.

Ukiupata mfano huo vizuri, ukimwi utauelewa kwa sentensi moja: virusi humwua mwenyekiti. Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 kati ya 500 na 1500 hivi katika kila mikrolita ya damu. Asipotibiwa hesabu hushuka polepole, mara nyingi kwa miaka minane au kumi, naye anaendesha lori, anajenga nyumba, anazaa. Ikishuka chini ya 200 vijana wenye nguvu bado wapo kijijini, lakini hakuna wa kugonga muhuri. Hapo wanaingia wale ambao siku zote walikuwa wakipita barabarani bila kumdhuru mtu, na wanaamka wale waliokuwa wamelala ndani. Mwaka 1985 madaktari wa hapa Uganda, wakiwamo David Serwadda na Nelson Sewankambo, waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa mpya wa Rakai ambao wananchi waliuita Slim kwa jinsi ulivyokondesha. Mpaka leo utasikia mzee akisema silimu. Waliokufa wakati ule waliuawa na kuhara kusikokoma, na kifua kikuu, na fangasi wa ubongo, na uvimbe wa Kaposi. Huo wa Kaposi ulijulikana Uganda kabla ya ukimwi, ugonjwa wa polepole wa miguu ya wazee wa kiume. Kinga ilipoanguka, ukaua vijana, kina dada wakiwamo.

Ukimwona kijana mwenye mkanda wa jeshi, ule upele wa malengelenge unaozunguka ubavu mmoja, usimpe tu dawa ya maumivu ukamwacha aende. Ni kirusi cha tetekuwanga kilicholala kwenye mishipa ya fahamu tangu utotoni. Muulize kwa upole kama amewahi kupima.

Sasa kifua kikuu, maana hicho kinawapoteza wengi. Vitabuni mmefundishwa kikohozi cha wiki mbili, makohozi yenye damu, mashimo kwenye eksirei. Mashimo yale huchimbwa na mapambano ya kinga yenyewe. Mgonjwa mwenye CD4 80 hana nguvu za kuyachimba. Eksirei yake inaweza kuonekana karibu safi, makohozi yake ni haba na darubini haioni kitu, na kile kipimo cha kudunga ngozi ya mkono hakivimbi, kwa sababu kinachovimbisha ngozi ni CD4. Wakati huohuo vijidudu vimesambaa mwili mzima. Kwa mgonjwa kama huyo tuna kipimo cha mkojo, kiitwacho LAM, ambacho hufanya kazi vizuri zaidi kadiri kinga ilivyo chini. Kiombe. Kama kituo chako kimeishiwa, andika rufaa siku hiyohiyo, na mwombe ndugu yake aahidi mbele yako kwamba atampeleka.

Na kichwa. Dreva akikuambia kichwa kinamuuma wiki ya pili sasa na panadoli hazisaidii, shingo yake inaweza kuwa laini kabisa, bila ule ukakamavu unaoutarajia kwenye homa ya uti wa mgongo. Fangasi wa kriptokoka hukua kwenye ute wa ubongo bila vurugu kubwa, kwa vile hakuna wa kuleta vurugu. Mwenye CD4 chini ya 200, na hasa chini ya 100, apimwe damu kutafuta antijeni, yaani vipande vya fangasi huyo, hata kama kichwa hakimuumi. Tone moja la damu na dakika kumi.

Ukiyashika hayo, bado kuna la kinyume chake, nalo lilinichukua miaka kulielewa.

Dreva mmoja wa njia ya Mombasa alianza ARV kwetu akiwa na CD4 60. Alikuwa mtulivu, mwembamba, bila homa. Wiki ya tatu alinipigia simu akiwa Eldoret, sauti imekatika. "Sista, dawa zenu zinaniua. Shingo imevimba kama nimemeza embe, na homa hainiachii." Alikuwa amekwisha kuziacha siku nne, na mkewe alikuwa amewaambia majirani wawili waache pia.

Dawa zilikuwa zikifanya kazi. Kifua kikuu kilikuwamo kwenye tezi zake tangu siku ya kwanza, na sisi hatukukiona kwa kuwa hakikuwa na wa kukipigia nduru. ARV zilimrudisha mwenyekiti. Mwenyekiti akaingia nyumbani akamkuta mwizi ameketi sebuleni. Kelele zilizofuata ndizo alizozisikia dreva wetu shingoni. Hali hii huja zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, kwa wale walioanza na kinga ya chini sana. Wengi hutakiwa kuendelea na ARV, ugonjwa uliofichuka ukatibiwa, na daktari akiona vema huongeza dawa ya kutuliza uvimbe. Lakini mgonjwa hawezi kujua hayo peke yake akiwa njiani. Mwambie kabla hajaondoka na kopo lake la kwanza: "Ndani ya wiki chache unaweza kuvimba au kupata homa. Usiache dawa. Nipigie, au ingia kliniki iliyo karibu." Mimi nilimpa yule kopo na tarehe ya kurudi tu. Alirudi, tukamtibu, na yuko barabarani hadi leo. Wale majirani wawili niliwafuata nyumbani mwenyewe.

Kwenye ubongo kelele hizo ni za hatari zaidi, kwani fuvu halitanuki. Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini, ukatolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba wagonjwa wa fangasi wa ubongo walioanzishiwa ARV mapema walikufa zaidi kuliko waliosubiri wiki tano hivi wakitibiwa fangasi kwanza. Kwa hiyo usishangae daktari akizuia ARV za mgonjwa huyo, wala usimpe kwa huruma. Huruma hapo ni kumweleza yeye na mkewe kwa nini anasubiri.

Kinga huweza pia kukosea mtu. Mtoto wa shule anaugua koo kwa bakteria wa streptokoka, anapona, kisha wiki mbili tatu baadaye magoti yanavimba kwa zamu na pumzi inakatika. Kinga iliyonolewa dhidi ya bakteria imeigeukia misuli na vali za moyo kwa kufanana kwao. Huyo anahitaji sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka, koo lisiugue tena. Utafiti uliofanywa Gulu kwa watoto ambao ugonjwa huo wa moyo ulikuwa bado umejificha, bila dalili, ulionyesha kwamba sindano hizo hupunguza hatari ya vali kuharibika zaidi. Msimkejeli mama anayemleta mtoto mwenye koo tu. Na kabla ya kudunga penisilini hakikisha adrenalini iko mezani, maana kwa watu wachache kinga hupokea sindano hiyohiyo kwa ghadhabu inayoweza kuua ndani ya dakika chache.

La mwisho ni la watoto wachanga, na hapa neno moja lako linaweza kuvunja nyumba. Mama mwenye virusi akija na mtoto wa wiki sita, usimpime mtoto kwa kile kipimo cha haraka cha kingamwili ukasema ameambukizwa. Kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma, hasa miezi ya mwisho ya mimba, na hukaa kwenye damu ya mtoto kwa zaidi ya mwaka. Ni mali ya kuazima. Humlinda na surua pia, na kwa kuwa zingeizuia chanjo isishike, chanjo ya surua husubiri miezi tisa. Kwa hiyo kipimo cha haraka kwa mchanga humpima mama yake. Chukua damu kisiginoni, idondoshe kwenye karatasi maalumu, ikauke, itumwe maabara wakatafute vinasaba vya kirusi chenyewe. Rudia akiwa na miezi tisa, na tena wiki sita baada ya kuacha kunyonya. Wakikuta kirusi, mtoto aanze dawa mara moja. Wasipokuta, kipimo cha haraka kingoje miezi kumi na minane.

Juzi alikuja mama ambaye tulianza naye tangu mimba. Hakukosa miadi hata moja, mvua au jua. Mtoto anatembea sasa, anavuta pazia. Nikamtoboa kidole, nikaweka tone, tukakaa. Mama hakuzungumza. Ulitokea mstari mmoja. "Huo mmoja ni wa nini, musawo?" Nikamwambia ni wa kuonyesha tu kwamba kipimo ni kizima, wa pili haukuja, na hautakuja. Akakitazama kidogo, akainuka, akachukua leso yake kwenye kiti na kuanza kumfunga mtoto mgongoni.