Simu ya kufungua kwa mkono, je, itamfaa mfanyabiashara wa Mwaloni?

SWALI: Ndugu wahariri, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Dada yangu anayeishi Uholanzi ataniletea Fairphone 5. Anasema betri inatoka kwa mkono na naweza kuweka /e/OS, mfumo endeshi wa Android usio na huduma za Google. Je, niuze Samsung yangu? Na M-Pesa itafanya kazi? – Msomaji, Ilemela

JIBU: Ipokee, ila Samsung usiiuze kwanza. Fairphone 5, iliyotoka 2023, kweli inafunguka: betri ya mAh 4200 unaitoa kwa kucha, na kioo, kamera na tundu la chaji vimeshikwa na skrubu za kawaida. Bisibisi ndogo ya nyota inatosha.

Ulipo wewe, kando ya ziwa, tatizo ni maji. Mfuniko wake wa kubandua hauzibi kama wa gundi, na kipimo chake cha kuzuia vumbi na maji ni IP55: inavumilia maji ya kurushiwa, kuzama haivumilii. Ikitumbukia ziwani, toa betri papo hapo, usiichaji, kisha fundi aifungue na kuisafisha kwa spiriti ya isopropili. Kuifukia kwenye mchele ni kupoteza muda, maana unyevu uliobaki ndani unaendelea kuila saketi. Simu iliyofungwa kwa gundi nayo, fundi akishaifungua, kinga yake imekwisha mpaka abandike gundi mpya.

Jambo zito zaidi ni vipuri. Kioo cha Samsung au Tecno utakipata mjini, cha Fairphone kinauzwa Ulaya. Na tangu 2016 betri ya lithiamu inayosafirishwa peke yake hairuhusiwi kuwa shehena ya ndege ya abiria. Kwa hiyo mwombe dada alete betri ya akiba, kioo na tundu la chaji. Betri aibebe kwenye begi la mkononi, ncha zake za umeme zimezibwa kwa utepe. Ina takriban Wh 16 tu (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), na abiria huruhusiwa hadi Wh 100. Bila vipuri hivyo, wepesi wa kuifungua hautakusaidia kitu.

M-Pesa ya *150*00# hupita kwenye mtandao wa laini, haijali mfumo endeshi. Programu za benki ndizo zinazoweza kugoma, kwa kuwa baadhi hukagua kama Google imeuthibitisha mfumo. Hizo ziache kwenye Samsung.

Ni heri dada anunue iliyokwisha kuwekwa /e/OS; Murena, kampuni inayohusika na /e/OS, wamekuwa wakiziuza. Ukiiweka mwenyewe, kufungua butiloda (programu ya kwanza kuwaka, inayolinda mfumo usibadilishwe) kunafuta kila kitu, basi nakili picha na namba mapema. Halafu usiifunge tena butiloda kama viraka vya usalama (masasisho ya kuziba mianya) vya mfumo mpya ni vya tarehe ya nyuma kuliko vya ule wa awali. Simu inaweza isiwake tena.

SWALI: Naweza kuweka LineageOS, mfumo endeshi huria unaotokana na Android, kwenye simu yoyote? – Msomaji, Sengerema

JIBU: Hapana. Tafuta namba kamili ya modeli kwenye orodha yao. Isipokuwepo, achana nayo: faili la modeli inayofanana huweza kuiua simu.