Maswali ya Wasomaji: Sakulenti Katika Majira ya Baridi

SWALI: Ndugu Mshauri wa bustani, tangu baridi ianze, majani ya chini ya echeveria yangu yamekuwa ya manjano na mororo kana kwamba yamechemshwa, na hudondoka nikiyagusa tu. Ninaimwagilia kila Jumapili kama nilivyofanya wakati wa joto, na chumba kina kipasha joto usiku na mchana. Je, niongeze maji?

JIBU: Ndugu msomaji, usiongeze hata tone. Jani lenye kiu husinyaa na kupata mikunjo, lakini hubaki limeshika shina. Jani lililozidiwa na maji huvimba, seli zake hupasuka, na hatimaye hupitisha mwanga na kuachia shina lenyewe. Uliyoyaeleza ni ya aina hii ya pili, nayo ndiyo yanayoua sakulenti (mimea inayohifadhi maji katika majani au mashina yake manene) nyingi zaidi ndani ya nyumba wakati wa baridi.

Kiini chake ni mwanga kuliko baridi yenyewe. Mimea mingi ya kundi hili hufungua vitundu vya majani yake usiku ili kuvuta hewaukaa, kisha huvifunga mchana, na kwa hiyo hupoteza maji kidogo sana hata katika jua kali. Siku zinapokuwa fupi na mwanga kuwa hafifu, ukuaji hupungua hadi karibu kusimama, maji uliyomwaga hubaki katika udongo, mizizi hukosa hewa, na kuvu hupata mahali pa kuanzia. Kukipasha chumba joto hakuziondoi taabu hizo, kwa sababu joto lisilo na mwanga wa kutosha huuchochea mmea kukua kwa namna dhaifu, wenye shina refu na majani yaliyopauka.

Utoe mmea wako chunguni leo, uukung'ute udongo na kuikagua mizizi. Mizizi mizima ni migumu na rangi yake ni nyeupe au hudhurungi isiyokolea. Iliyooza ni nyeusi, na ukiuvuta mmoja kwa vidole, ganda lake huchomoka na kuacha uzi mwembamba. Kata yote ya namna hiyo kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti, na ikiwa uozo umepanda hadi shinani, endelea kukata mpaka usione tena doa la kahawia katikati. Acha kidonda kikauke kivulini kwa siku kadhaa, kisha upande upya katika udongo mkavu ambao nusu yake ni changarawe ndogo, ndani ya chungu chenye tundu chini. Usimwagilie kabla ya wiki moja kupita, na usishangae mizizi mipya ikichelewa kuliko ambavyo ingechelewa wakati wa joto.

Baada ya hapo, nakuomba uiache ile ratiba ya Jumapili. Chomeka kijiti cha mbao hadi karibu na sakafu ya chungu. Kikitoka na udongo ulioshikamana nacho, subiri. Kikitoka kikavu, subiri siku chache nyingine, halafu mwagilia asubuhi hadi maji yatiririke chini, na umwage yaliyobaki kisahanini. Katika nyumba nyingi hilo huangukia mara moja kwa wiki tatu hadi sita. Mbolea ingoje hadi siku zirefuke.

SWALI: Nimeambiwa kwamba sakulenti ni mimea sugu. Je, naweza kuziacha zangu nje barazani hadi baridi iishe?

JIBU: Inategemea ni zipi. Sempervivum, ambazo nyingi ni za milima ya Ulaya, hustahimili baridi iliyo chini kabisa ya sifuri, na hata kufunikwa na theluji, mradi maji yasituame kwenye mizizi. Echeveria, krasula na aina nyingi za mshubiri ziingizwe ndani kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, kwa sababu majani yake yamejaa maji, na maji hayo yakiganda hutanuka na kuzipasua seli. Ukiziweka dirishani, majani yasiguse kioo, na usiku usiziache kati ya pazia na kioo, kwani hapo ndipo hewa baridi hunaswa.

SWALI: Dungusi yangu haijachanua tangu niinunue, ingawa huitunza sebuleni penye joto mwaka mzima.

JIBU: Huenda joto hilo ndilo kikwazo. Dungusi ndogo za jangwani na milimani, kama vile Rebutia na Mammillaria nyingi, huhitaji mapumziko ya baridi ili zifanye maua: mahali penye mwanga, nyuzi 7 hadi 10, na ukavu karibu kamili kwa miezi hiyo yote. Lakini kama yako ni dungusi ya Krismasi, yaani Schlumbergera, usiifanyie hivyo. Asili yake ni misitu yenye unyevu ya kusini-mashariki mwa Brazili, ambako huota juu ya miti na miamba. Udongo wake ubaki na unyevu kidogo, na vitumba vyake hufanyika ikipata usiku mrefu wenye giza lisilokatizwa na taa.

SWALI: Lithops yangu, ile inayofanana na kokoto, imeanza kunyauka na kukunjamana. Je, hii nayo haihitaji maji?

JIBU: Haihitaji, na hapa nasisitiza kwa sababu huruma ya mtunzaji ndiyo huiua. Katika majira haya jozi mpya ya majani hukua ndani ya ile ya zamani na kunyonya maji yake yote. Ukimwagilia, jozi ya zamani hukataa kusinyaa, mpya hubanwa, na mara nyingi zote mbili huoza. Iweke penye mwanga mwingi kuliko sehemu zote za nyumba yako, na uanze kumwagilia pale tu majani ya zamani yatakapokuwa yamekauka kabisa na kubaki maganda membamba pembeni mwa mapya.